Nilivyoiharibu Barua ya Rukia

Mjambere, Kisauni
Siku ya kuamkia safari yako, baada ya Alasiri

Mwanangu Tima,

Nimeketi chumbani mwangu na mlango nimeurudisha. Huko uani nawasikia wewe na mama yako mkishindana juu ya sanduku. Yeye ataka utie blanketi la pili, nawe wasema Bara si Ulaya. Sitaingilia. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya kutoazima nguo za watu na ya kuswali kwa wakati amekwisha kukwambia, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Hata salamu ndefu, ambazo wajua ninazipenda, leo naziacha. Nikianza na salamu nitapata mahali pa kujificha.

Tangu u mdogo umekuwa ukiniuliza kwa nini dada yako Rukia haingii ndani ya nyumba hii. Sikukuu zote mbili huja kutoka Changamwe, husimama barazani, humwita mama yako akambusu mkono, akakuchukua wewe mkatembea hadi Frere Town, kisha akarudi zake. Viatu havivui. Maji ya kunywa hapokei. Mimi nilikuwa nikikujibu, "Ana haraka." Ulipofika darasa la saba ukaacha kuuliza, nami nikashukuru.

Rukia hakuwa na haraka. Mimi ndimi niliyemfungia mlango wa nyumba hii, na niliufunga kwa kalamu.

Wajua kwamba yeye ni binti wa marehemu dada yangu, na kwamba alilelewa humu tangu ana miaka sita. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, chuo hicho hicho uendako kesho. Siku barua ya kuitwa ilipofika, nilipita nayo duka kwa duka, na asiyejua kusoma nikamsomea. Wewe ulikuwa na miaka minane. Ulilia siku aliyoondoka, ukataka utiwe ndani ya sanduku lake.

Katika mwaka wake wa pili alirudi wakati usiokuwa wa likizo. Nilikuwa barazani, nimevaa miwani, ninamwandikia mzee mmoja wa Junda barua ya kuulizia hati ya shamba lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kila siku baada ya Alasiri. Watu walikuja na maneno yao nami nikayavika nguo. Aliyekuja na hasira alitoka na barua yenye adabu. Aliyekuja na matusi alitoka na "nasikitika kukuarifu". Ilisemwa Kisauni nzima kwamba barua ya Mwalimu hairudishwi ofisini, nami nilipenda kuyasikia hayo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Watoka wapi siku za masomo?"

"Chuoni."

"Umefukuzwa?"

"La."

Yule mzee wa Junda akacheka. "Mwalimu, mtoto akirudi kabla ya likizo, ama ana njaa ama ana mchumba. Hebu mtizame, hana njaa huyu!"

Tukacheka sisi wawili. Rukia alisimama na mkoba wake mpaka tukamaliza kucheka.

Alipoingia ndani alimwambia mama yako, na mama yako akaniita. Nitakuandikia lililompata kama alivyolisema, kwa sababu mara ya kwanza nilipotakiwa kuliandika sikuliandika. Mhadhiri wake alimwita ofisini jioni, akamwambia kwamba kuna kasoro katika alama zake. Alipoingia, yule mtu aliufunga mlango kwa ufunguo. Alimshika kwa nguvu akamsukumia ukutani, akamtia mikono mwilini, akamrarua gauni kutoka begani hadi ubavuni. Rukia alimuuma mkono, akauwahi ufunguo, akatoka mbio bila ya kiatu kimoja. Mwenzake wa chumbani alimwona akiingia bwenini katika hali ile, akamfunika shuka, akakaa naye hadi asubuhi.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Ulikwenda kufanya nini ofisini kwake peke yako?"

"Aliniita, mjomba. Mwalimu akikuita huendi?"

"Ulikuwa umevaa nini?"

Akanitazama. "Buibui. Hili hili unionalo nalo. Aliling'oa kwanza."

Tima, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Nimewauliza watoto maswali mengi ya kipumbavu, lakini hayo mawili ndiyo nitakayoulizwa mimi mbele ya Mola. Mtoto amesafiri usiku kucha kuja kwa mtu aliye badala ya baba yake, na mtu huyo akamfanya mshitakiwa kabla hajampa maji.

Rukia alikuwa amefanya kila lililopaswa kufanywa, na hakuna aliyemfundisha. Asubuhi ile ile alikwenda ofisi ya wanafunzi. Huko waliokuwa mezani wakamwambia kwamba shauri kama lile halipokelewi bila ya barua ya mzazi au mlezi. Ndiyo maana alikuja. Alikuwa na vitu vitatu. Alikuwa na lile gauni, amelikunja ndani ya gazeti, halijafuliwa. Alikuwa na jina la yule mwenzake, ambaye alikubali kusema alichokiona. Na alikuwa na kurasa nne alizoziandika ndani ya gari la moshi, kwa Kiswahili, siku na saa zimetajwa, kila jambo kwa jina lake. Alitaka nimsaidie kuzitia katika Kiingereza cha ofisi na kutia sahihi yangu chini yake.

Vitu hivyo vitatu vilimalizika katika nyumba hii kwa siku mbili.

Gauni lilikwenda kwanza. Mama yako, kwa mapenzi, alilichukua akalifua, akakaa nalo karibu na dirisha akalishona. Wamjua mkono wake. Alilishona hata usingeweza kuona palipokuwa pameraruka. Kisha akalifukiza udi, akamwekea Rukia kitandani. Nilisikia Rukia akisema, "Mama, mbona mumelishona?" na mama yako akamjibu, "Nguo mbovu haikai ndani, mwanangu. Lishapita hilo." Mama yako ameniruhusu niyaandike haya. Amesema, "Mwambie na mimi nilikuwemo."

Kisha nikaja mimi. Nilizisoma zile kurasa nne mezani kwangu, na wallahi nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikuishika kwa kusudi. Ni mazoea ya mkono. Nilipofika ukurasa wa pili nilikuwa nimekwisha kupiga mistari mahali patatu. Msichana anaeleza jinsi alivyonusurika, nami nasahihisha.

Nikamwita. "Rukia, haya hayaandikwi."

"Ndiyo yaliyotokea."

"Sikatai. Nasema hayaandikwi. Barua hii itasomwa na makarani, na wapiga chapa, na watu usiowajua. Kesho itakuwa Mombasa. Ukiwa na posa, itakwenda mbele ya posa yako."

"Sina posa, mjomba. Nina kesi."

"Na huyu mwenzako, mtoto wa watu, wamtilia nini ndani?"

"Amekubali mwenyewe."

"Mtoto wa watu hatutamuingiza."

Nikaandika barua yangu. Ilikuwa nusu ukurasa. Ilikuwa, kwa kipimo cha barua za ofisi, barua nzuri sana. Nilisema kwamba baina ya binti yangu na mhadhiri wake pametokea kutoelewana, kwamba binti amefadhaika, na kwamba naiomba ofisi kwa heshima kubwa ilitazame jambo hili kwa hekima ili pande zote zisitirike. Sikutaja mlango. Sikutaja ufunguo, wala gauni, wala mwenzake wa chumbani. Nikatia sahihi, nikamsogezea Rukia atie yake.

Aliisoma mara mbili. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, hii haina mtu ndani yake."

Nikamwambia, "Tia sahihi. Mimi nazijua ofisi."

Akatia. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu ana sita hajawahi kunikatalia neno. Utiifu wake ndio nilioutumia.

Majibu yalikuja baada ya mwezi, nayo pia yalikuwa na adabu. Kwa kuwa mlezi mwenyewe ameeleza kwamba lilikuwa jambo la kutoelewana, na mwanafunzi mwenyewe amekubali kwa sahihi yake, ofisi inaona hakuna shauri. Mwanafunzi anashauriwa amuone mhadhiri, wapatane, arudi masomoni. Nilimsomea barazani. Nikasema, "Waona? Wamejibu vizuri."

Hakurudi chuoni. Kurudi kwake kungekuwa kukaa mbele ya mtu yule ambaye sasa alikuwa na karatasi ya kumlinda, na karatasi hiyo niliiandika mimi. Alikaa humu ndani miezi minne akimsaidia mama yako kupika mahamri. Watu wakapata la kusema. Bi Mwanasha wa nyumba ya pili akija kununua alikuwa akipiga kelele tangu njiani, "Haya msomi, nipe mahamri ya digirii!" Nami nilimsikia nikiwa ndani, nikatazama kitabu changu. Asubuhi moja Rukia alitia vitu vyake katika ule ule mkoba, akamuaga mama yako, akakupakata wewe, akaja kusimama mbele yangu barazani.

"Nakwenda Changamwe. Nimepata chumba kwa rafiki yangu, nitajifunza kupiga chapa."

"Na jina la nyumba hii? Mtoto wa kike kukaa peke yake?"

"Jina la nyumba lina barua yake, mjomba. Langu halina."

Hajaingia tena. Miaka kumi na mmoja.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilimsitiri. Sitara ni jambo jema katika dini yetu na katika mila yetu, nami nilijifunika nalo. Nilikuwa nikiwafundisha watoto ile methali ya mficha uchi hazai, nikiwapa na mifano, na nikirudi nyumbani siijui. Aliyesitirika ni mimi, na yule mtu aliyefunga mlango. Rukia aliachwa wazi, katikati yetu, na mahamri.

Mwezi uliopita, ulipopata barua yako ya chuo, sikupita nayo madukani. Ulinuna kidogo, nikaona. Nilishindwa. Badala yake nilivaa kanzu nikaenda Changamwe, katika ofisi anayofanyia kazi Rukia, nikangoja nje ya lango mpaka akatoka. Nilikuwa na zile kurasa nne. Nilikuwa nimezificha ndani ya kasha langu, chini ya vyeti vyangu vya ualimu. Kwa nini sikuzichoma, sijui. Labda nilijua kuwa siku moja zitaitwa.

Tuliketi katika mkahawa. Alinipa chai, mimi niliyemnyima maji. Nikamkabidhi karatasi zake. Alizisoma zote, polepole, akaweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Hata hapa," akasema.

"Hata hapo."

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri."

Nikamwomba radhi. Sikumpa sababu, kwa kuwa niliziona zote njiani na hakuna iliyosimama. Alizikunja karatasi zake akazitia mkobani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, msichana mwingine alimshitaki mhadhiri yule yule. Msichana huyo alisikia habari za Rukia, akamwandikia, akamwomba aje waseme pamoja. Rukia alipanda gari la moshi akaenda. Walipofika mbele ya kamati, mtu mmoja akafungua jalada akatoa barua yangu. "Huyu wa kwanza ni kutoelewana tu," akasema, "sahihi yake hii hapa." Wote wawili wakatolewa nje. Yule msichana naye aliacha masomo.

"Kwa hiyo si mimi tu, mjomba," Rukia akasema. "Barua yako ilifanya kazi mara mbili."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Mama yako huniuliza kwa nini sili. Ndiyo hiyo sababu.

Pale pale mkahawani nikamwambia kwamba wewe unakwenda chuo kile kile, na kwamba ninaogopa, na sijui nikufundishe nini. Akacheka, cheko lake lile la zamani, la puani. "Wewe? Humfundishi kitu. Nitampeleka mimi." Anasema yule mhadhiri hayupo tena, amehamia kwingine, lakini kwamba milango iko pale pale na funguo zake. Anasema siku hizi mna mlezi katika bweni lenu ambaye wasichana humsifu, na zahanati ya wanafunzi ina daktari mwanamke, na yule mwenzake wa chumbani, aliyemfunika shuka, sasa ni mwalimu hapo hapo chuoni. Wameandikiana miaka yote hii. Atakupeleka kwake umjue kwa uso kabla hujapata haja ya kumjua. Mola apishe mbali haja hiyo.

Lakini mwanangu, ikikufika, hebu nikwambie nilichojifunza kwa kukiharibu. Likikufika, kosa si lako. Usioge kwanza wala usiishone nguo. Nenda kwa daktari kama ulivyo, ingawa mwili mzima utataka maji. Mwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo, yeyote unayemwamini, ili kuwe na mwingine anayeijua siku na saa. Andika mwenyewe, kwa lugha iliyo karibu na mdomo wako, ukiite kila kitu kwa jina lake. Nakala mpe Rukia. Ukifika ofisini ukaambiwa lete barua ya mzazi, mzazi atapanda gari usiku huo huo, na atabeba barua yako wewe. Nitasimama mlangoni nayo. Sitaongeza neno wala kupunguza. Wakinitaka nieleze nitasema, binti yangu ameeleza, someni.

Na ukiamua kutosema, au kutosema kwangu, au kungoja mwaka mzima kwanza, hilo pia ni lako. Sitakuuliza ulikuwa umevaa nini. Sitakuuliza ulifuata nini huko. Yale maswali mawili nimeyatumia yote maishani mwangu, sina mengine.

Huenda ukisoma haya utanionea aibu. Ni haki yako. Umekua ukisikia watu wakiniita Mwalimu na kuniinukia msikitini, na labda hutaweza tena kunitazama vile. Nilifikiri sana juu ya hilo. Nilikuwa tayari kukuficha mpaka nife, na ningefaulu, kwa kuwa kuficha ni kazi niliyoifanya vizuri. Rukia ndiye aliyenizuia. Nilipomshukuru kwa kukubali kukusindikiza, alinyanyuka, akafuta meza kwa kiganja kama afanyavyo mama yako, akasema:

"Kuna sharti. Mwambie wewe mwenyewe. Sitaki asikie kwangu ndani ya gari la moshi, halafu akuonee huruma. Kama hukumwambia, mimi sendi."

"Nitamwambia vipi? Sina uso."

"Andika. Si wajua kuandika, mjomba?"

Basi nimeandika. Utaona mahali nilipokata maneno, na mahali wino ulipomwagika. Sikuiandika upya kwa usafi, na nikiisha kutia jina langu sitairudia kuisoma. Nikiisoma nitaitengeneza.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, nitakupa mkononi. Baada ya Adhuhuri Rukia atakuja na mkoba wake. Atasimama barazani kama kawaida yake, na viatu vyake miguuni. Mimi nitakuwa ndani, sitatoka ila nikiitwa. Atakuuliza neno moja tu, "Umesoma?" Ukisema umesoma, mtakwenda pamoja stesheni. Ukisema hujasoma, atageuka arudi Changamwe, nawe utakwenda peke yako kwa sababu yangu. Mjibu kweli. Hata kama umesoma nusu ukashindwa kuendelea, mwambie ni nusu.

Na akikuuliza kama yote yamo, mpe karatasi hizi azisome mwenyewe. Akiona pana neno nililolipunguza, kalamu nyekundu iko mezani kwangu. Mwambie aingie aichukue.

Ni mimi, baba yako.